Kuandika Alama za Kanyagio la Piano kwa Kompyuta

Mwalimu atakayefundisha nyimbo katika shule ya msingi hana budi kujua kuandika muziki, wala si kuimba na kupiga tu. Ukurasa anaouandika leo utasomwa kesho na mtu mwingine, naye mwandishi pengine hayupo kuulizwa. Somo hili lahusu sehemu ndogo ya maandishi hayo ambayo mara nyingi hupuuzwa.

Siku moja niliandika kwa kompyuta usindikizaji wa wimbo wa watoto wenye vipimo vinane, nikampa mwanachuo mmoja aupige mbele ya darasa. Chini ya nota ya kwanza nilikuwa nimeandika «Ped.», basi. Sikuonyesha pa kuliachia kanyagio. Naye, kwa utiifu, alikanyaga mwanzoni asiinue mguu hata mwisho. Sauti zilirundikana zote pamoja. Watoto wakaipoteza sauti yao, wakanyamaza mmoja mmoja. Kosa halikuwa lake, bali langu niliyeandika.

Kazi ya kanyagio

Ndani ya piano kila kibao huendesha nyundo inayogonga nyuzi. Juu ya nyuzi hizo hukaa kizima sauti. Kidole kikibonyeza kibao, kizima sauti huinuka. Kidole kikiondoka, hurudi na sauti hukatika. Kanyagio la kulia huviinua vizima sauti vyote kwa mara moja, hata sauti ikaendelea ingawa vidole vimekwisha kuondoka. Vinanda vingi vya umeme navyo huchomekewa kanyagio lenye kazi hiyo hiyo.

Sasa tazama hatari yake. Tuseme kipimo cha kwanza kina fungu la nota do, mi, so, na cha pili kina fa, la, do. Mguu usipoinuka katikati yao, mi husikika pamoja na fa, na so pamoja na la. Sauti hizo zimekaribiana mno, na sikio hupata vurugu badala ya upatano. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: fungu la nota likibadilika, kanyagio nalo libadilishwe.

Mbinu ya wapigaji ni kuinua mguu wakati ule ule mkono unapogonga fungu jipya, kisha kukanyaga tena mara moja, kabla vidole havijaondoka. Hivyo sauti ya zamani huzimwa na mpya hushikwa, wala pengo halisikiki.

Namna mbili za kuandika

Namna ya kwanza ni ya zamani: «Ped.», kifupisho cha neno la Kitaliano, huandikwa pa kukanyagia, na nyota huwekwa pa kuachilia. Namna ya pili ni mstari wa mlalo wenye kulabu mwanzoni na mwishoni. Pale ambapo mguu huinuka na kushuka papo hapo, mstari hupanda na kushuka kama paa dogo la nyumba. Kwa mwanafunzi, mstari ni bora, kwa kuwa jicho huona muda wote ambao mguu uko chini. Namna zote mbili huwekwa chini ya mistari mitano ya mkono wa kushoto. Usizichanganye katika wimbo mmoja.

Watunzi nao waliandika maagizo haya kwa namna mbalimbali. Beethoven, katika sonata yake ya piano Opus 27 Namba 2, iliyochapishwa mwaka 1802, aliagiza kwa maneno ya Kitaliano kwamba sehemu ya kwanza ipigwe bila vizima sauti. Piano za wakati wake zilififia upesi kuliko zetu. Atakayelitii agizo hilo neno kwa neno katika piano ya leo atapata ukungu mzito wa sauti.

Hatua za kazi

Tutatumia programu ya MuseScore, kwa kuwa hupatikana bure na, ikisha kuwekwa katika kompyuta, huandika bila intaneti.

1. Andika kwanza nota zote za mikono miwili. Alama za kanyagio hufuata baadaye.

2. Bonyeza nota ya kwanza ya mkono wa kushoto katika kipimo cha kwanza. Shikilia kitufe cha Shift, kisha bonyeza nota ya mwisho ya kipimo hicho.

3. Katika orodha ya alama, chagua mstari wa kanyagio ambao mwisho wake umeinama. Vipimo vya katikati vipe mstari ulioinama pande zote mbili. Cha mwisho kipe ulioinama mwanzoni tu. Ncha zikikutana hufanya lile paa dogo.

4. Mstari ukiishia mahali pasipofaa, chagua ncha yake, shikilia Shift, na utumie mshale wa kulia au wa kushoto mpaka ifike kwenye nota inayotakiwa.

5. Amuru kompyuta ipige wimbo, usikilize. Ukisikia sauti mbili zikigombana, rudi hatua ya nne.

Tahadhari

Usiandike «Ped.» kama maneno ya kawaida. Yataonekana vizuri katika karatasi, lakini programu haitayatii, nawe hutasikia kosa lako. Aidha, usidhani kwamba kompyuta ikipiga vyema basi kazi imekwisha. Kompyuta haina mguu. Chapa ukurasa, umpe mwenzako ambaye hajauona, umsikilize akiupiga bila wewe kumweleza lolote.

Zoezi

(a) Andika vipimo vinne vya mapigo manne, mkono wa kushoto ukiwa na mafungu haya, moja kwa kila kipimo: do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re, do-mi-so. Weka alama za kanyagio kwa mstari.

(b) Ondoa mipindo yote, uache mstari mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Sikiliza, kisha eleza ni nota zipi zinazogombana na kwa nini.

(c) Mtoto wa darasa la pili ameketi kwenye kinanda na mguu wake haufiki kwenye kanyagio. Je, utamwandikia alama hizi? Toa sababu zako.