Namna ya Kukereza Mchi wa Kinu Usiopasuka

Kwetu Barumbu, kando ya Mto Kongo, katika mkoa wa Tshopo, chini ya Kisangani, nyumba ipikayo pondu, yaani majani ya mhogo, haikosi kinu na mchi wake. Na kwa kuwa ukoo wetu huishi kwa kazi ya kukereza, naona ni wajibu wangu kuieleza bayana, ili kijana apendaye kuijaribu asiharibu mti mzuri bure. Marehemu baba, aliyenirithisha keezo lake, alishikilia kauli moja ambayo nami naisadiki: nguvu ya mchi hutoka katika shoka liupasualo mti, wala si katika patasi iurembayo.

Kwanza, chagua mti mgumu na mzito, usiotoa rangi wala harufu kali. Ngola, mti mwekundu ulio jamaa ya mninga wa Tanzania, ndio uliosifika kwa ngoma za Walokele zilizopeleka habari kijiji hadi kijiji. Lakini unga wake huohuo, ukichanganywa na mawese, watu walijipaka mwilini kama rangi, basi siutii katika chakula. Kambala, ambao pwani huitwa mvule, hustahimili mvua na mchwa, ila vumbi lake huwasha macho na ngozi, nami huuwekea milango. Ukiwa na shaka juu ya mti wowote, loweka maranda yake katika maji ya moto usiku kucha. Yakigeuka rangi au kunuka, utafutie mti huo kazi nyingine.

Pili, pasua gogo kwa shoka na kabari, usilichane kwa msumeno. Msumeno hufuata mstari uliouchora wewe, hata ukikata nyuzi za mti mshazari, ilhali kabari hufuata nyuzi zenyewe toka mwanzo hadi mwisho; na mahali popote unyuzi utokeapo ubavuni, hapo ndipo mchi utakapovunjika siku moja, hata ukiwa mnene namna gani. Moyo wa katikati ya gogo uache nje kabisa, maana nyufa huanzia hapo.

Tatu, subiri. Hewa ya Tshopo ina unyevu mwingi, na mti hukauka polepole. Lakini ncha zake hutangulia kukauka, zikanywea kabla ya kati, zikapasuka. Kwa hiyo zipake nta ya nyuki, kisha inua vipande juu ya mihimili, chini ya paa, upepo upite lakini jua lisifike.

Nne, kukereza. Keezo letu ni la mguu: kamba imefungwa juu kwenye ufito unaopindika, ikauzunguka mti mara moja au mbili, ikashuka hadi ubao wa kukanyagia. Ukikanyaga, mti huja upande wako, ndipo ukate; ukiinua mguu, ufito huurudisha nyuma, nawe uvute patasi kidogo. Usiikandamize patasi: laza kwanza mgongo wa makali juu ya mti unaozunguka, halafu inua mkono taratibu hadi makali yaanze kula. Daima teremka kutoka penye unene kwenda penye wembamba, nyuzi zipate kuegemeana. Ukipanda, zitanyanyuka na kuacha uso wenye miba. Kazi ikienda sawa, maranda hutoka marefu na laini. Yakigeuka unga, nenda ukanoe.

Mwisho, ng'arisha mchi kwa konzi ya maranda yake yenyewe, nawe ukikanyaga. Mawese usiyapake, maana hayakauki, na baada ya muda huchacha.

Nawe usiyekereza bali wanunua sokoni, usitazame nakshi kwanza. Fuatisha nyuzi kwa kidole toka ncha moja hadi ya pili. Zikifika zote bila kukatizwa, mlipe fundi bei yake pasipo kumbana sana, kwa sababu kazi iliyo ngumu kuliko zote aliimaliza kabla ya kuligusa keezo.