UJIRA WA MFANYAKAZI NI HAKI YAKE

Piana-Mwanga pana bwawa katika mto Luvua, lililojengwa katika miaka ya 1930. Nguvu ya maji yake ilifanywa kuwa umeme, nao ukapelekwa kwa nyaya mpaka Manono, kwenye migodi ya bati ya kampuni ya Géomines. Jina la kampuni lajulikana sana. Majina ya waliochimba na kubeba mawe ni wachache wayakumbukao. Lakini Mwenyezi Mungu awajua wote, mmoja mmoja.

Dharau hiyo ya kutomwona mfanyakazi imeonyeshwa katika sinema fupi iitwayo Borom Sarret, iliyotengenezwa mwaka 1963 na Sembène Ousmane wa Senegal. Maskini mmoja wa mji wa Dakar huchukua abiria kwa gari la farasi. Siku moja mtu aliyevaa vizuri amwomba ampeleke Plateau, mtaa wa matajiri, ambako magari ya farasi yamekatazwa. Polisi awasimamisha. Nishani ya maskini yaanguka chini, na polisi aikanyaga. Gari lakamatwa. Yule mtu mkubwa aenda zake bila kulipa. Maskini arudi nyumbani mikono mitupu, na jamaa yake haina chakula.

Lakini asubuhi ya siku ile ile, maskini huyo alimpita kiwete aliyemwomba msaada, asimpe kitu. Kisha pato lake akampa mwimbaji aliyewasifu babu zake. Basi, dharau si dhambi ya matajiri peke yao.

*Swali: Heshima ya mfanyakazi yatoka wapi?*
Jibu: Yatoka kwa Mungu, aliyemwumba kwa mfano wake. Tena Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alikuwa seremala. Ndiyo maana mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yozefu Mfanyakazi.

*Swali: Je, ujira ni sadaka ya tajiri?*
Jibu: Hapana, ni deni. Sheria ya Musa yaamuru maskini alipwe kabla jua halijachwa. Baba Mtakatifu Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba mshahara lazima umtoshe mfanyakazi kuishi, hata kama yeye mwenyewe, kwa sababu ya shida, amekubali kupokea kidogo.

*Swali: Kumnyima mfanyakazi ujira wake ni dhambi ya namna gani?*
Jibu: Ni mojawapo ya dhambi nne zinazolia mbinguni, pamoja na dhambi ya Kaini aliyemwua ndugu yake.

Mkatekumeni asiseme, «Somo hili ni la wenye kampuni». Huenda yeye mwenyewe amemwita jirani kumlimia shamba la mihogo, akamlipa kikombe cha pombe na ahadi. Huenda amembebesha mjane mzigo mzito, akampunguzia bei kwa kuwa hana mtetezi. Naye aliyeajiriwa asiibe saa wala vyombo vya kazi, maana haki ni ya pande zote mbili.

*Azimio:* Kabla ya kuukaribia Ubatizo, kila mkatekumeni akumbuke kama anadaiwa ujira wa mtu. Aende kwake, amlipe leo, kabla jua halijachwa.