Je, Bao Hupoza Hasira ya Siasa?

Kila uchaguzi unapokaribia twasikia shauri moja likitolewa na watu wenye nia njema: "Acheni siasa, nendeni mkacheze mpira." Husemwa kwamba mtu mwenye bustani yake, kwaya yake au bao lake hapati nafasi ya kumchukia jirani wa chama kingine. Katika somo hili na tupime kama shauri hilo ni la kweli, na kwa kadiri gani.

Kwanza, faida yake. Hasira hukua kwa kufikiriwa tena na tena. Mwaka 2002 mtaalamu wa Marekani, Brad Bushman, alitoa matokeo ya jaribio alilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Kwanza waliudhiwa makusudi kwa maneno makali juu ya insha walizoandika. Kisha baadhi yao walipewa gunia la mazoezi ya ngumi, walipige huku wakimfikiria yule aliyewaudhi. Wengi wetu tungedhani kwamba hasira ingewatoka. Sivyo. Hao ndio waliobaki na hasira nyingi, kuwashinda wenzao waliokaa kimya tu. Basi anayeshinda kwenye redio na simu akiyarudia maneno ya wapinzani huongeza kuni motoni. Bali yule aliyeshika jembe au sindano ya kufuma, akayasahau hayo kwa saa mbili, hupumzisha moyo wake. Hilo ni jema, wala tusilidharau.

Pili, upungufu wake. Burudani yenyewe yaweza kugawanyika kwa vyama. Hapa Zanzibar yatufundisha. Katika miaka iliyoitwa Zama za Siasa, tangu uchaguzi wa 1957 mpaka mapinduzi ya Januari 1964, wafuasi wa Hizbu na wa Afro-Shirazi walisusiana maduka na hata mazishi. Katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 watu 68 waliuawa. Miaka hiyo hiyo watu walikuwa na ngoma, mpira na baraza za kahawa, na visiwaidie kitu.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, zikatokea maskani za vyama. Kisonge, pale Michenzani, ilijulikana kuwa ya CCM; Jaws Corner, Mji Mkongwe, ilijulikana kuwa ya CUF. Kahawa ni ile ile, maongezi ya jioni ni yale yale, lakini mtu aliketi na wa upande wake. Burudani ya namna hiyo haipozi hasira, kwa kuwa kila jioni mtu husikia neno la upande mmoja tu.

Januari 2001 waandamanaji waliuawa kwa risasi Pemba na Unguja. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wakakutana na kukubaliana kuacha uhasama. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Uchaguzi wa Oktoba mwaka ule ukapita kwa amani. Matokeo ya uchaguzi wa Zanzibar ya 2015 yalipofutwa, uhasama ukarudi. Tuangalie vema: katika miaka hiyo yote bao halikubadilika. Kilichobadilika ni kama watu waliona madai yao yamesikilizwa au yamepuuzwa.

Tatu, ni nini basi kinachopatanisha? Mwaka 1954, huko Oklahoma, Marekani, mtaalamu Muzafer Sherif aliwagawa wavulana 22 katika makundi mawili kambini, akawashindanisha mpaka wakachukiana. Kisha akawaleta pamoja kula na kutazama sinema. Hawakupatana, walirushiana chakula. Ndipo maji ya kambi yakakatika, ikawabidi wote watafute kasoro. Gari la chakula likagoma, wakalivuta pamoja kwa kamba ile ile waliyokuwa wameshindania. Baada ya kazi kadhaa za namna hiyo wakawa marafiki.

Jambo kama hilo lilionekana Iraki kati ya watu wa dini mbili, katika utafiti wa Salma Mousa uliotolewa mwaka 2020. Wakristo waliokuwa wamekimbia vita vya ISIS waliwekwa katika timu za mpira, nyingine zikiwa na wachezaji Waislamu. Waliocheza timu moja na Waislamu waliendelea zaidi kufanya mazoezi pamoja nao hata baada ya miezi. Lakini nje ya uwanja, kama vile kwenda kula Mosul au kuhudhuria sherehe ya watu mchanganyiko, mabadiliko yalikuwa madogo.

Kwa hiyo tusitarajie mchezo ufanye kazi usiyoiweza. Mchezo humpumzisha mtu, na timu moja huwafahamisha watu. Lakini mtu aliyenyimwa haki hawezi kuambiwa akacheze karata. Huyo ahitaji kusikilizwa, na kumtuma uwanjani ni njia ya kumnyamazisha. Nasi tunaofurahia kwaya na bustani zetu tujihadhari tusizifanye maficho ya kutoyaona mashaka ya jirani.

Yafaa pia tuchague kazi zinazotulazimu kutegemeana: kuchimba kisima, kufyeka makaburi, kujenga darasa. Kamba ya ndoo haimwulizi mtu kadi ya chama chake.

Maswali ya kujadili

1. Katika baraza au kikundi chetu, je, yupo hata mmoja wa chama kingine? Kama hayupo, aliondoka lini, na kwa nini?

2. Ni kazi gani ya mtaa wetu isiyoweza kumalizwa na upande mmoja?

3. Ni dai gani la jirani ambalo tumelikimbia kwa kusema, "Tuache siasa"?