Kumwitikia Mwenzako kwa Kiingereza: Neno la Furaha na Haki Yake



Ndugu zangu, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Somo la toleo hili ni la lugha. Mimi nasomea dini, si Kiingereza, lakini makosa yangu ya Kiingereza yamenifikisha kwenye masuala ya dini, na ndiyo maana nimeomba nafasi hii.

Nilikuja Mbale kutoka Tanga na Kiingereza cha darasani. Niliweza kuandika kurasa nne juu ya vyanzo vya sharia bila kukwama. Lakini mtu akinipa habari, nzuri au mbaya, nilikuwa na jibu moja tu: "It is good," au "It is bad."

Sikukuu ya Iddi ya mwaka wangu wa kwanza sikuwa na nauli ya kwenda nyumbani. Mwenzangu wa chumbani, Msoga wa Jinja, akanichukua kwao Walukuba. Tulipokuwa tunakula, mama yake akanigeukia, uso umechangamka, akaniambia kwa Kiingereza kwa sababu Kiswahili chake ni kidogo: "My son, your sister has got a job! She is going to be a nurse in Iganga!"

Nikajibu, "It is good," nikaendelea kula.

Mama akanyamaza. Akaanza kukusanya sahani.

Siku ya kurudi, taksi yetu ilipokwisha kupita Iganga tukielekea Tirinyi, mwenzangu akaniuliza, "Ndugu yangu, kwani Mama alikukosea?" Nikashangaa. Akasema, "Yeye anadhani habari ya dada haikukupendeza. Dada ameisubiri kazi hiyo miaka mitatu."

Wallahi sikuwa na kinyongo chochote. Mama yule angenipa habari ile kwa Kiswahili, ningeinua mikono: "Mashaallah! Hongera sana, Mama! Hongera nyingi! Dada anaanza lini?" Furaha nilikuwa nayo, maneno ya kuitolea ndiyo sikuwa nayo. Na yeye hawezi kuuona moyo wangu, anausikia ulimi wangu.

Sura An-Nisaa, aya ya 86, inatuamrisha tukiamkiwa tuitikie kwa maamkizi yaliyo bora zaidi au yaliyo sawa nayo. Aya inahusu salamu, lakini adabu yake inatufunza jambo: aliyekuletea neno ana haki ya kurudishiwa. Basi tujifunze kurudisha.

1. Habari njema

Kiingereza kina njia mbili nyepesi za kutoa furaha. Ya kwanza ni "What" ikifuatiwa na jina, ya pili ni "How" ikifuatiwa na sifa. Sisi tunasema, "Furaha iliyoje!" Wao husema, "What a joy!" Tunasema, "Mtoto mzuri huyo!" Wao husema, "What a lovely baby!" Mtu akikutendea wema, mwambie, "How kind of you!" Angalia neno "news": halihesabiki, kwa hiyo usiseme "What a good news", sema "What good news!"

Sifa nazo zina ngazi. "Good" iko chini. Juu yake kuna "great" na "lovely". Juu zaidi kuna "wonderful", na kileleni "amazing" na "incredible". Maneno ya juu hayapendi "very". Husemwi "very wonderful", husemwa "absolutely wonderful". Lakini usipande kileleni kwa kila jambo. Mwenzako akikuambia amenunua kalamu, "Nice!" inatosha. Ukimwambia "Incredible!" atadhani unamdhihaki.

Kumpongeza mtu ni "Congratulations!", daima na herufi "s" mwishoni, na kazi ni "on your new job". Hapa chuoni tunasikia na kuandikiana "Congs!" Hilo ni letu Uganda, tamu kati ya marafiki. Kwa barua ya mkuu wa kitivo, andika neno zima.

Kisha kuna mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunaubeba mkazo huo hadi kwenye Kiingereza. Matokeo yake tunasema "won-DER-ful". Sema "WON-der-ful", "a-MA-zing", "fan-TAS-tic", "in-CRED-ible". Na sauti iambatane na neno. "Great!" ikisemwa kwa sauti iliyopanda ni furaha. Ikisemwa kwa sauti ya chini iliyolegea, kama mvua inapokunyeshea umeshafua nguo, ni malalamiko.

Sasa kanuni ambayo ningeijua siku ile Walukuba isingeharibika: neno la furaha lifuatishe swali. "That's wonderful, Mama! When does she start?" Neno peke yake mtu yeyote anaweza kulikariri. Swali ndilo linaloonyesha kwamba ulisikiliza.

2. Mshangao

Hapa maneno hayana maana ya juujuu. "No way!" si kukataa njia, ni kama sisi tunavyosema, "Acha wewe!" "I can't wait!" si kwamba umechoka kusubiri na unataka kuondoka, maana yake una hamu kubwa. "Really?" kwa sauti inayopanda humtia moyo msemaji aendelee, kwa sauti inayoshuka humwambia humwamini.

Jihadhari pia na "Tell me about it!" Siku moja nilimlalamikia jamaa mmoja kwamba maji yamekatika bwenini tangu alfajiri. Akanijibu, "Tell me about it!" Nikaanza kumsimulia tangu nilipoamka kwa ajili ya sala. Maskini, alinisikiliza hadi mwisho. Kumbe alimaanisha, "Huna haja ya kuniambia, na mimi yamenikuta."

Maneno ya mshangao yaliyochangamka yasiletwe kwenye shida. Mtu akikuambia amefiwa au amekosa karo, usiseme "No way!" wala "That's crazy!" Sema, "I'm so sorry to hear that," kisha nyamaza umsikilize. Kwa Mwislamu mwenzako unajua la kusema kwenye msiba.

3. Kiingereza cha Jinja na Mbale

Chuo Kikuu cha Kiislamu Uganda kilipofunguliwa hapa Mbale mwaka 1988, kilikusanya wanafunzi wa nchi nyingi, na kila mmoja amekuja na lugha yake. Ukitoka nje ya lango utakutana na Kiingereza chenye utu wa watu wa hapa.

Wiki yangu ya kwanza nilikuwa nikishuka Nkoma kwenda mjini. Mzee mmoja aliyekuwa analima kando ya njia akaniambia, "Well done." Nikajitazama. Nimefanya nini? Baadaye nikaelezwa kwamba hiyo ni salamu, imetoka kwenye Kiganda "Gyebale ko", yaani kumshukuru mtu kwa kazi yake. Jinja utakaribishwa kwa Kisoga, "Kodheyo", yaani karibu tena. Mbale Wagisu watakuambia "Mulembe", nayo ni amani, ndugu wa salamu yetu. Na katikati ya Kiingereza utasikia "Banange!" ya mshangao, ambayo asili yake ni kuwaita wenzako.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati hapa. Ukiambiwa "You are lost!" baada ya kutoonekana mwezi mzima, unaelewa papo hapo, kwa sababu nasi tunasema, "Umepotea!" Ukijikwaa na mpita njia akasema "Sorry!", unajua ni "Pole!" Mgeni kutoka Uingereza angejiuliza, "Huyu anaomba radhi ya nini, na hakunisukuma?" Bernard Sabiiti aliyakusanya maneno ya Kiingereza cha Uganda katika kitabu chake Uglish kilichotoka mwaka 2014. Si maneno ya kuonea haya. Ila ujue nani yuko mbele yako: kwenye usaili wa kazi na mgeni wa mbali, "It's been a long time!" itaeleweka vizuri kuliko "You are lost!"

4. Kukubali ni kuahidi

Baada ya aibu ya Walukuba nilijifunza kwa pupa. Muhula mzima nilisikiliza filamu na redio, nikajaza daftari. Nikawa mtu wa "Absolutely!", "For sure!", "Definitely!" Wenzangu wakasema Kiingereza changu kimefunguka.

Jioni moja mwenzetu wa darasani akaniambia baba yake amelazwa hospitali ya mjini, yeye atakwenda kumwona kesho saa tatu asubuhi, je, nitamsindikiza? Nikamjibu kwa moto: "Definitely! Count on me!"

Asubuhi nilikuwa na kazi ya Kiarabu ya kukabidhi. Sikwenda, wala sikumpigia simu. Kwangu mimi maneno yale yalikuwa ni uchangamfu tu, kama manukato. Yeye alikaa langoni akinisubiri hadi adhuhuri. Alipofika hospitali, saa za kuwaona wagonjwa zilikuwa zimekwisha.

Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Ungesema huwezi, ningetangulia mwenyewe asubuhi."

"Count on me" maana yake ni "nitegemee". Nilimwambia mtu anitegemee, naye akanitegemea. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba miongoni mwa alama za mnafiki ni kuvunja ahadi, na hakutuambia ahadi ya Kiingereza haihesabiwi. Waswahili nao wamekwisha sema, ahadi ni deni.

Nilimwomba radhi, na wiki ile tukaenda pamoja mara mbili. Baba yake alinishika mkono akasema, "Well done, my son." Nilijua ni salamu tu, lakini nilitazama chini.

Basi tujifunze pia maneno ya kukataa kwa upole: "I'd love to, but I have a test that morning. Can I come on Saturday?" Hapa "I'd love to" inaonyesha unapenda, "but" inasema kweli, na swali linafungua mlango mwingine. Na tunaposema "Inshaallah", tuiseme kama Sura Al-Kahf, aya ya 23 na 24, inavyotufunza: kwa jambo tunalokusudia kulifanya kesho. Siku hizi wengi wetu tunaitumia kama "hapana" ya heshima, hata wenzetu wasio Waislamu wameshaizoea kwa maana hiyo. Hilo linatuaibisha.

5. Jina la Mwenyezi Mungu

Jambo la mwisho ni viapo. Anayetaka Kiingereza chake kisikike cha kawaida huanza kusema "I swear!" na "I swear to God!" kila sentensi, na wengine "Wallahi" imekuwa chumvi: chakula kitamu wallahi, mechi kali wallahi. Hata mimi nimeitumia juu ya ukurasa huu, nanyi mmeiona. Sura Al-Maida, aya ya 89, inaeleza kwamba hatuchukuliwi kwa viapo vya upuuzi visivyokusudiwa, bali kwa vile tulivyoviazimia, navyo vikivunjwa vina kafara: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kuacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Aya hiyohiyo inatuamuru tuvilinde viapo vyetu. Na kuapa kwa mzazi, kama "I swear on my mother's life", Mtume (s.a.w.) alikataza kuapa kwa baba zetu: mwenye kuapa aape kwa Mwenyezi Mungu au anyamaze.

Ukitaka kutilia nguvu neno lako, Kiingereza kina "Honestly", "I mean it" na "Trust me". Ukishangaa, badala ya "Oh my God!", sema "Subhanallah!" hata katikati ya Kiingereza. Imam Bukhari ameweka katika Sahihi yake mlango juu ya takbiri na tasbihi wakati wa kustaajabu. Hapa Jinja na Mbale hakuna atakayeshindwa kukuelewa.

Zoezi

Fanyeni wawili wawili, kwa sauti, si kwa macho.

Mwenzako anasema, "I passed my retake!" Jibu: "Alhamdulillah! That's such a relief! Which paper was it?"

Mama wa Jinja anasema, "Eh, you are lost!" Jibu: "I'm so sorry, Mama, it was exams. How have you been?"

Unaombwa msaada na huna nafasi. Usiseme "For sure!" Tafuta jibu lako mwenyewe, lenye upole na ukweli, ulijaribu kwa mwenzako kabla hujalihitaji.

Iddi iliyopita nilirudi Walukuba. Nilipoingia tu nikasema, "Mama, how is my sister? How is the work in Iganga?" Akacheka, akaniketisha, akanisimulia habari za zamu za usiku mpaka chai ikapoa. Sikutumia hata "amazing" moja.

Mwenyezi Mungu azitengeneze ndimi zetu na nyoyo zetu ziwe kitu kimoja. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.