SHAKA NA DAWA YAKE



Kijana mmoja wa hapa Kariokor aliniuliza baada ya sala ya Isha: "Sheikh, nimekhitimu Kurani chuoni, wala sijui maana ya aya moja. Nitajuaje kuwa ni kweli?" Waliokuwapo wakamkemea, wakamwita kafiri. Nikawanyamazisha.

Nabii Ibrahim alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu. Naye alikuwa ameamini, ila alitaka moyo wake utulie. Mwenyezi Mungu hakumfukuza, bali alimwonyesha.

Kosa ni letu. Padre Godfrey Dale aliifasiri Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923. Waahmadiya wakatoa tafsiri yao hapa Nairobi mwaka 1953. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy ilitoka 1969. Muda wa miaka 46, aliyetaka kukifahamu Kitabu chote kwa lugha yake alikipokea mikononi mwa wengine.

Leo tafsiri tunazo, udhuru hatuna. Basi tusimzibe mtu kinywa. Mwenye kuuliza angali mlangoni. Tukimkemea ndipo atokapo. Na asiyejua jibu aseme "sijui", kisha akatafute.

Wabillahi tawfiq.