Kufungua Kesi Upya: Utata wa Istilahi na Haki ya Majeruhi

Utangulizi
Makala haya yananuia kuchunguza kauli "kufungua kesi upya" jinsi itumikavyo nchini Kenya mahakama inapotupilia mbali kesi ya fidia. Tunadai kwamba kauli hii hubeba maana mbili ambazo kisheria hutengana: kufungua kesi mpya, na kuirejesha ile ya awali.

Sheria ya Muda
Chini ya Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, majeruhi ana miaka 3 ya kuwasilisha kesi. Anayeishtaki Serikali ana miezi 12 tu, kwa mujibu wa Sura ya 39. Kifungu cha 27 cha Sura ya 22 huruhusu muda kuongezwa, ila kwa yule ambaye mambo ya msingi ya dai lake yalikuwa nje ya ujuzi wake. Kusahau tarehe si sababu.

Njia Mbili
Amri ya 12 ya Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za 2010 inatofautisha hali mbili:
(a) Pande zote zisipofika siku ya kusikizwa, kesi ikatupwa, mdai anaweza kufungua kesi mpya, mradi muda haujapita, au kuomba ya awali irejeshwe.
(b) Mdai asipofika, naye mdaiwa akawepo asikubali sehemu yoyote ya dai, kesi ikitupwa mdai hawezi kufungua nyingine kuhusu dai lilo hilo. Amebakiwa na ombi la kutengua uamuzi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Abiria aliumia Machi 2021, akashtaki 2022, kesi ikatupwa Juni 2024 chini ya hali (a). Kesi ya kwanza haikusimamisha hesabu ya muda. Miaka 3 ilikwisha Machi 2024. Kesi mpya itakuwa imechelewa. Ile ya zamani ikirejeshwa, hubaki na tarehe yake ya 2022. Ombi hilo lahitaji sababu ya kuridhisha na kuwasilishwa bila kukawia.

Hitimisho
Abiria huyu akiambiwa tu "fungua kesi upya", huenda akalipa ada ya kesi isiyo na uhai, huku nafasi ya kuifufua ya kwanza ikimponyoka. Tunapendekeza "kufungua kesi mpya" na "kurejesha kesi" zitumiwe kwa kutenganishwa, nayo "upya" iepukwe. Mfasiri na mkalimani wa mahakamani wasiidharau tofauti hii. Ndiyo inayomwonyesha majeruhi mlango ulio wazi.