Kujifunza Mfumo Mpya wa Kompyuta kwa Kuutumia

Tuchukue shule ya sekondari mkoani Singida yenye kompyuta chache zilizotumika miaka mingi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya masahihisho ya usalama kwa mfumo wake wa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Njia mojawapo ni kuziwekea Linux, mfumo upatikanao bure, ambao kiini chake kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki.

Mfumo wa uendeshaji ni programu inayosimama kati ya mitambo ya kompyuta na programu nyingine. Hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za kazi, hutunza mafaili na kupitisha amri kwa printa. Kazi hizo zimo katika kila mfumo. Kinachomkwaza mgeni ni desturi. Katika Linux, kwa kawaida, Alama na alama ni majina ya mafaili mawili tofauti. Wala hakuna diski iitwayo C: mafaili yote yamo katika mti mmoja, na flashi ikichomekwa huwa tawi la mti huo.

Flashi yenyewe inastahili maelezo zaidi. Kwa kuwa huandika polepole, mara nyingi Linux huziweka data kwanza katika kumbukumbu ya kompyuta, kisha huzihamisha kidogo kidogo. Kwa hiyo kioo chaweza kuonyesha kwamba kunakili kumekwisha, na kumbe bado. Mwalimu wa Kiomboi akiichomoa flashi bila kutoa amri ya kuitoa, huenda akafika Singida mjini kuchapisha mtihani ambao haumo. Mimi niliyajua haya kwa hasara: nilipokuwa masomoni Ulaya nilimfikia msimamizi wangu na faili tupu, na vipimo vyenyewe vimebaki maabara, upande wa pili wa mji. Nilikuwa nimekwisha kuisoma kanuni hiyo kitabuni.

Ndiyo maana kipindi kimoja cha Ijumaa hakitoshi. Mkono uliozoea mfumo mmoja hutenda kabla ya akili kuamua, na mazoea hayo hubadilishwa na kazi ya kila siku: kuandika barua, kujumlisha alama, kuchapa mtihani. Hata Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili zilizotolewa mwaka 2004 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ziliondoa kikwazo cha lugha tu. Simshauri mtu afute mfumo wa zamani siku ya kwanza. Linux nyingi huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Lakini akiisha kuamua, asiurudie ule wa zamani kila anapokwama.

Zoezi: Ukitumia Linux, tengeneza katika jalada moja mafaili mawili, alama.odt na Alama.odt. Yanakili yote katika flashi iliyopangwa kwa utaratibu wa FAT. Tazama kitakachotokea, kisha eleza sababu yake.